Ndege Ikichelewa Amsterdam

Akina mama wengi siku hizi tunasafiri kwenda Ulaya. Binti amejifungua, au kijana anafunga ndoa, na bibi anahitajika. Sisi wauguzi tunaohudumu kanisani huombwa kuwasindikiza wazee, na njia tunayoizoea ni ya Nairobi hadi Amsterdam.

Ni zaidi ya kilomita 6,500, saa nane hivi angani. Uwanja wa Schiphol umejengwa mahali palipokuwa ziwa, ambalo Waholanzi walilikausha mwaka 1852, nao uko chini ya usawa wa bahari. Majira ya baridi, ukungu, theluji na upepo mkali huzuia ndege.

Wakati mmoja ndege yetu ya kurudi nyumbani iliahirishwa hadi kesho yake. Tulikuwa na mama mzee mwenye kisukari. Wasafiri wengi walijilaza vitini, wakiona kwamba kuuliza ni kusumbua watu. Sisi tulikwenda kaunta, tukaeleza kwamba mgonjwa anadungwa insulini na lazima ale kwa wakati. Tulipewa chakula na mahali pa kulala. Haikuwa sadaka, ilikuwa haki yetu.

Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 humlinda kila abiria anayeondoka uwanja wa Ulaya, hata ndege ikiwa ya Afrika. Lakini mnapotoka Nairobi kwenda huko, sheria hiyo inawahusu tu ikiwa shirika linalorusha ndege ni la Ulaya. Ulizeni jambo hili kabla ya kununua tikiti.

Katika safari ndefu kama hii, ndege ikichelewa kuondoka saa nne au zaidi, abiria hupewa chakula na vinywaji, na hoteli ikibidi kulala. Asiye na viza ya kuingia Uholanzi aulizie hoteli iliyomo ndani ya uwanja. Tena, mwaka 2009 mahakama ya Ulaya iliamua kwamba anayefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi anaweza kudai fidia. Kwa umbali huu ni euro 600, ingawa huweza kupunguzwa nusu ikiwa hazikutimia saa nne. Hali mbaya ya hewa ikiwa ndiyo sababu, fidia haipo, lakini chakula na malazi havifutwi.

Mizigo nayo ina sheria yake, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia. Sanduku likichelewa, andikeni malalamiko katika siku 21 tangu mlipolipokea.

Akina mama wapendwa, nunueni safari yote kwa tikiti moja, ili mkikosa ndege ya kuunganisha shirika liwatafutie nyingine. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini, maana yaweza kuganda kwa baridi. Chukueni nepi za ziada na kitu cha kula. Tunzeni kadi za kupandia ndege na risiti, na ombeni sababu ya kuchelewa kwa maandishi.

Tena mkimwona mzee ameketi peke yake bila kuelewa matangazo, mshikeni mkono mwende naye kaunta.