Vyuo vitatu, simu moja

Wadau, kwanza samahani kwa kuadimika. Kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe. Leo naomba niwape stori ya nyumbani.

Juzi binamu yangu kanibipu kutoka Nyamongo. Nikampigia. Dogo kachaguliwa vyuo viwili, anataka nimwambie athibitishe kipi. "Kaka, si wewe ndiye uliyesoma?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo lilinikuta mwenyewe mwaka 2018, pale pale Nyamongo.

Kwa wasiojua: tangu 2017 mwombaji anaomba chuo moja kwa moja, si kupitia mfumo mmoja wa TCU kama ilivyoanza 2010. Kwa hiyo mwenye ufaulu mzuri anaweza kuchaguliwa hata vyuo vitatu. Unapewa namba ya uthibitisho, unabaki na kimoja. Ukichelewa, shauri yako.

Mimi nilikuwa na vitatu: sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ualimu UDOM, na uandishi wa habari SAUT, Mwanza.

Mama alitaka ualimu. Hoja yake fupi: mwalimu hata akikosa ajira ya serikali, atafundisha twisheni.

Baba alitaka sheria, na alikuwa na sababu zake. Ukipita Nyamongo utaona vijumba vya bati visivyo na mtu, vimejengwa haraka haraka mahali ambapo watu wanaamini mgodi wa North Mara utapachukua na kulipa fidia. Tunaviita tegesha. Kuna waliotegesha kweli, na kuna waliozaliwa hapo hapo. Siku ya uthamini, kuwatenganisha ni kazi. Na baba ana shamba.

Halafu kulikuwa na ile kesi ya London. Mwaka 2013 watu wa kwetu waliishtaki kampuni iliyokuwa na mgodi wakati ule, African Barrick Gold, katika Mahakama Kuu ya Uingereza, kwa madai ya vifo na majeraha. Mwaka 2015 wakamalizana nje ya mahakama. Baba akaniambia, "Mura, wanasheria wametoka Uingereza. Kwetu hakuna watu?"

Nilithibitisha SAUT.

Ningependa kusema niliitwa na kiu ya haki. Ukweli ni kwamba Mwanza unafika siku hiyo hiyo, rafiki yangu alikuwa anakwenda huko, na nilikuwa naiga watangazaji wa redio tangu darasa la tano. Nilibonyeza simu nikiwa peke yangu nyuma ya kibanda cha M-Pesa. Baba nilimwambia siku tatu baadaye. Hakufoka. Aliuza ng'ombe kama alivyoahidi, akanipa hela, akaenda kulala.

Mwaka juzi nilikwenda likizo, akanipa karatasi ya uthamini nimsomee. Nikaisoma kwa sauti yangu nzuri ya redio. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sasa inasema nini?"

Sikujua. Nikampigia jamaa tuliyemaliza naye kidato cha sita, yeye alikwenda kusoma sheria. Akamweleza baba kwa dakika kumi, taratibu, neno kwa neno. Baba akasema kwenye simu, "Asante sana, mwanangu." Nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Sijutii kazi yangu, naipenda. Lakini ile "mwanangu" naisikia mpaka leo.

Basi dogo nikamwambia mambo matatu. Kwanza, tazama kozi kabla ya jina la chuo. Pili, piga hesabu ya hela kama vile mkopo wa Bodi haupo, maana majina ya mkopo hutoka baadaye. Tatu, zungumza na wazee kabla hujabonyeza, si baada ya siku tatu. Unaweza kuwakatalia, lakini wasikie kwanza kutoka kwako.

Akauliza, "Na wewe kaka, ungerudia ungechagua kipi?"

Salio likakata. Kweli kabisa wadau, salio lilikata. Ila vocha ninayo tangu jana, na bado sijampigia.

Siku njema.