Ghorofa Tatu za Holloway Road

Nilipokuwa London nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu, nilizoea kutembea kwa miguu kando ya Holloway Road ili kuokoa nauli. Kwenye jengo namba 304 pana kibao cha kumbukumbu chenye jina la Joe Meek. Sikuwa nimewahi kumsikia. Leo nimesahau sura nzima za tasnifu ile, lakini mtunzi yule wa nyimbo na mtayarishaji wa muziki sijamsahau, na sababu yake ni kesi mahakamani.

Meek alizaliwa mwaka 1929 katika mji mdogo wa Newent. Katika jeshi la anga alishughulika na mitambo ya rada. Hakujua kusoma nota. Wimbo aliutunga kwa kuuimba kwa mdomo, tena akipotoka sauti, na wenzake wakautafuta kwenye ala. Siku zile studio kubwa zilikuwa mali ya makampuni kama EMI na Decca, na fundi mitambo alikuwa mwajiriwa wa kutii utaratibu. Meek alifanya kazi ya ufundi studioni, akakosana na wakubwa, akaondoka. Akapanga ghorofa tatu juu ya duka la bidhaa za ngozi, akazijaza nyaya na vinasa sauti. Mwimbaji chumba hiki, wapiga ala chumba kile, bafu likitoa mwangwi. Mwaka 1964, alipotaka kishindo katika wimbo wa The Honeycombs, aliwaambia wanamuziki wakanyage ngazi za mbao kwa nguvu zao zote. Kanda zikikamilika, aliyapelekea makampuni yale yale ili yatoe sahani. Alimiliki zana zake, soko hakulimiliki. Wanafunzi wangu hulielewa jambo hili upesi kuliko nadharia yoyote ninayowaandikia ubaoni.

Julai 1962 setilaiti ya Telstar ilirushwa angani. Mwezi uliofuata kundi la The Tornados lilitoa wimbo usio na maneno wenye jina hilo, uliotungwa na kutayarishwa na Meek. Uliongoza chati za Uingereza, na kufikia Desemba ukaongoza za Marekani, mahali ambapo hakuna kundi la Kiingereza lililokuwa limefika, hata The Beatles. Nakala ziliuzwa kwa mamilioni.

Fedha hazikumfikia. Mwaka 1963 mtunzi Mfaransa, Jean Ledrut, alifungua shauri akidai kwamba wimbo huo umeibwa katika muziki wake wa filamu ya Austerlitz. Mirabaha ikazuiliwa hadi shauri liamuliwe. Ukapita mwaka, wa pili, wa tatu. Huku nyuma vijana wakahamia kwenye magitaa ya Liverpool, madeni yakalimbikizana, na akili ya Meek ikaanza kumwonyesha maadui na vinasa sauti vya siri kila kona. Tarehe 3 Februari 1967 alimpiga risasi mama mwenye nyumba, akamuua, kisha akajiua. Wiki tatu baadaye shauri liliamuliwa. Meek alikuwa ameshinda.

Siipendi namna wengi wanavyoisimulia habari hii, mama yule akifanywa tanbihi katika maisha ya fundi. Yeye hakumdai mtu wimbo. Hakuna mrabaha uliocheleweshwa unaoweza kuifuta damu yake, na darasani nalisema hili kwanza, kabla sijagusa neno mirabaha.

Hata hivyo, nilipozisoma zile wiki tatu, nilifunga kitabu nikatoka nje. Baba yangu, mtu mpole ambaye hakuwahi kumwinulia mtu mkono, alifungua shauri la shamba nikiwa kidato cha pili. Hakimu alihamishwa. Jalada halikuonekana. Wakili wa upande wa pili akawa mgonjwa, akapona, akawa mgonjwa tena. Kila tarehe ya kutajwa shauri baba alivaa koti lile lile la kaki, akaondoka alfajiri na kurudi jioni na tarehe nyingine.

Hukumu ilisomwa miezi minne baada ya kumzika. Tulishinda. Karani alinikabidhi nakala, akanipa mkono, akasema, "Hongera sana, kaka." Nikamwitikia ahsante. Koti bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha mama.