Si Kila Uzito ni Uvivu



Hapa Dilala tunasikia habari za madini toka asubuhi hadi usiku: shaba, kobalti, bei ya tani. Leo tunasema juu ya madini mengine, ambayo mwili huyahitaji kidogo mno, na juu ya kosa letu wenyewe.

Katika mafundisho ya kipaimara tulikuwa na binti aliyechelewa kila mara, akasinzia, akaona baridi hata katika jua la Oktoba. Sauti yake ilikwaruza. Mwili ulinenepa ingawa alikula kidogo. Tulimkemea mbele ya wenzake, tukamwita mvivu. Baadaye kipimo cha damu kilionyesha kwamba tezi ya shingoni, iitwayo tiroidi, ilikuwa imelegea. Tezi hiyo hutoa homoni inayoongoza mwendo wa moyo, joto, tumbo na akili. Homoni ikipungua, mwili wote huenda polepole.

Sababu si moja. Mara nyingine kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe. Mahali pengine udongo hauna iodini. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, waganga wa miaka ya 1960 walichunguza watu wengi wenye rovu, na watoto waliozaliwa wamedumaa mwili na akili. Iodini ilikuwa haba, na muhogo usiolowekwa vizuri uliongeza madhara. Kwa hiyo chumvi yenye iodini ni ulinzi mkubwa, hasa kwa mama mjamzito. Lakini chumvi haifufui tezi iliyokwisha kuharibika.

Mgonjwa hupewa kidonge cha levotiroksini, anachokimeza kwa maji kila asubuhi kabla ya kula, mara nyingi maisha yote. Nguvu hurudi baada ya majuma, si kwa siku moja. Tumwombee mgonjwa, lakini tusimwambie aache dawa.

Wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu. Yesu hakumtaja mkosaji, alimponya. Sisi tulitafuta kosa kwanza. Tukamwomba binti yule msamaha mbele ya wale wale waliosikia tukimkemea, naye akapokea kipaimara pamoja nao.

Tujiulize katika kikundi: ni nani kati yetu tunayemwita mvivu, na bado hatujamwuliza anaumwa nini?