Kelele ni Nini Katika Ngoma?

Mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mitambo ya kunasia sauti ilikuwa mikononi mwa wachache. Baadaye Redio Tanzania Dar es Salaam ilinasa katika tepu ngoma na nyimbo nyingi za makabila yetu. Bila kazi hiyo, sauti nyingi za wazee wetu zingalipotea kabisa. Leo mwanafunzi wa muziki mwenye kompyuta na kipaza sauti aweza kushiriki kazi hiyo. Programu iitwayo Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, hupatikana bila malipo. Hunasa sauti, huionyesha kwa umbo la mawimbi, na humwezesha mtumiaji kuikata na kuiunga.

Nimewafundisha vijana programu hiyo huku Mtwara, na manufaa yake nimeyaona. Mwanafunzi aweza kupunguza mwendo wa wimbo bila kushusha sauti zake, akasikia wazi jinsi ngoma ndogo inavyojipenyeza kati ya mapigo ya ngoma kubwa.

Lakini kimo ndani yake kifaa kimoja kinachodai busara, nacho ni kile cha kupunguza kelele. Kifaa hiki chenyewe hakijui kelele ni nini, sharti kionyeshwe. Mtumiaji huchagua sekunde chache za sauti asiyoitaka, programu ikaisoma, kisha ikaififisha popote iikutapo.

Kijana mmoja alinasa sindimba kule Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma. Alichagua sekunde ambazo watazamaji walikuwa wakinong'ona na njuga zikilia kabla ngoma hazijaanza, akaiambia programu kwamba hizo ndizo kelele. Ngoma zikabaki safi, lakini njuga zilikonda na vigelegele vikafifia. Tulipomsikilizisha mzee mmoja, fundi wa ngoma, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, watu wamekwenda wapi?"

Swali hilo lina elimu kubwa. Ngoma yetu haina ukuta kati ya mchezaji na mtazamaji. Anayepiga kigelegele humwongezea mchezaji nguvu, na mpigaji humjibu. Ukimwondoa mshangiliaji, umeondoa sehemu ya ngoma yenyewe. Chombo kilichobuniwa ng'ambo si adui yetu. Ila kinapotuuliza kelele ni nini, jibu litoke kwetu.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, mfundishe mwanafunzi wako mambo matatu. Kwanza, ahifadhi nakala ya asili isiyoguswa, kwa mfumo wa WAV usiopunguza chochote. Saa moja ya sauti za njia mbili huchukua megabaiti 600 na zaidi, nayo ni gharama inayostahili. Marekebisho yote yafanywe katika nakala nyingine. Pili, aandike jina la mwimbaji, kijiji, tarehe na maana ya maneno. Sauti isiyo na maelezo ni yatima. Tatu, aombe ruhusa kwanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi, na hata kabla ya sheria, adabu ilitufundisha kupiga hodi.

Mashine itanasa kila kinachoifikia. Kutambua kilicho cha thamani ni kazi ya sikio lililolelewa, na malezi hayo hupatikana uwanjani, miongoni mwa wachezaji, kabla ya kompyuta kufunguliwa.