Jua Peke Yake Halikaushi Nguo



Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya chombo ambacho wengi wetu hatukukijua mpaka tulipofika katika nchi hizi za baridi, yaani mashine ya kukaushia nguo. Kule tulikotoka, iwe Kigoma, Uvira, Bujumbura au Mombasa, kazi hiyo ilifanywa na kamba iliyofungwa kati ya mti na nguzo. Hapa Iowa, wakati wa baridi kali nguo iliyoanikwa nje huganda ikawa kama ubao. Ndiyo maana katika nyumba nyingi ninazozitembelea hapa Des Moines mashine hii hufanya kazi karibu kila siku, wala hakuna anayeikumbuka mpaka siku inapogoma.

Hebu tujiulize kwanza: ni nini hasa kinachokausha nguo? Wengi watajibu upesi kwamba ni jua. Lakini mama zetu walijua zaidi ya hapo. Walitafuta mahali penye jua na upepo, wakazitandaza nguo zisilaliane, kwa maana waliona kwamba hata siku ya mawingu nguo hukauka mradi upepo uvume. Joto hugeuza maji kuwa mvuke. Upepo ndio unaouchukua mvuke huo na kuupeleka mbali. Pasipo upepo, mvuke hubaki palepale, na nguo hubaki mbichi.

Mashine yetu haikubuni njia nyingine. Ndani yake mna koili, au moto wa gesi, badala ya jua. Na mna feni badala ya upepo. Feni huipitisha hewa ya moto katika pipa linalozunguka, kisha huisukuma nje ya nyumba, pamoja na unyevu wake, kwa bomba lenye upana wa inchi 4. Hewa hiyo hubeba pia nyuzinyuzi laini kama pamba zinazong'oka katika nguo. Chujio lililo mlangoni au juu ya mashine hunasa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo, lakini si zote. Zinazoponyoka hutulia katika bomba, kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, mpaka njia ya hewa inakuwa nyembamba.

Majira ya baridi yaliyopita, mama mmoja mwenye watoto watano alinieleza taabu yake. Taulo zilikuwa zikihitaji kukaushwa mara mbili. Baadaye mashine ikawa inazunguka bila joto lolote. Fundi aliitwa, akabadilisha fyuzi ya joto, akalipwa, akaenda zake. Majuma matatu hayakupita, fyuzi ikakatika tena. Hapo jirani mmoja mwenye nia njema akajitolea kuziunganisha nyaya mbili moja kwa moja, fyuzi isiwepo kabisa, ili mama asiendelee kupoteza fedha. Mama akakataa. Aliniambia, “Padri, mbwa akibweka mara mbili usiku uleule, humfungi mdomo. Unatoka nje kuangalia.”

Alikuwa na haki kabisa. Fyuzi ya joto ni kifaa kidogo cha bei nafuu, nacho kina kazi moja tu: joto likizidi kipimo chake, kinakatika na kuuzuia umeme usipite. Hakijirudii, kikishakatika lazima kiwekwe kingine. Katika mashine nyingine kukatika kwake huondoa joto tu. Katika nyingine mashine haiwaki kabisa. Lakini mara nyingi fyuzi iliyokatika siyo ugonjwa. Imekatika kwa sababu hewa ya moto imekosa pa kutokea, ama kwa sababu thamostati, ambayo hudhibiti joto siku zote, imeharibika. Anayebadilisha fyuzi bila kutafuta sababu hiyo ataibadilisha tena. Naye anayeunganisha nyaya amemwondoa mlinzi na kumwacha mwizi ndani.

Tuliivuta mashine ile kutoka ukutani. Bomba la nyuma lilikuwa la plastiki, limekunjika na kubanwa, na ndani yake nyuzinyuzi zilikuwa zimeshindiliwa kama sufi ya mto. Nje ya nyumba, kile kifuniko kinachopaswa kuinuka hewa inapotoka kilikuwa kimegandamana kwa uchafu wenye unyevu. Mwenye nyumba alipoonyeshwa picha, alikubali kulipia bomba la chuma na fyuzi mpya. Tangu siku ile taulo hukauka kwa mara moja.

Ndugu zangu, jambo hili si dogo. U.S. Fire Administration, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mambo ya moto, ilikadiria kwamba katika miaka ya 2008 hadi 2010 mashine hizi zilianzisha moto katika nyumba za watu mara 2,900 hivi kila mwaka, kukiwa na vifo 5, majeruhi 100 na hasara ya dola milioni 35. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafisha. Nyuzinyuzi zilizokauka hushika moto upesi mno.

Basi, mashine ikisumbua, tufuate utaratibu.

Kwanza, ikizunguka bila joto, tazameni sakiti breka kabla ya kumwita fundi. Mashine ya umeme ya hapa Marekani hupokea volti 240 kwa njia mbili za umeme. Mota huhitaji njia moja tu, lakini koili huhitaji zote mbili. Njia moja ikikatika, pipa litazunguka vizuri huku nguo zikibaki baridi. Izimeni breka hiyo kabisa, kisha iwasheni tena mara moja. Ikijikata tena, iacheni na mwiteni fundi wa umeme.

Pili, tokeni nje mashine ikiwa inafanya kazi, mkaweke mkono penye tundu la kutolea hewa. Kifuniko kiwe kimeinuka, na hewa itoke kwa nguvu. Ikiwa ni dhaifu, bomba limeziba. Hakuna jaribio rahisi kuliko hili, wala halidai hata senti moja.

Tatu, chomoeni plagi, ivuteni mashine, mlifungue bomba na kulisafisha kwa brashi ndefu na mashine ya kufyonza vumbi. Kama ni ya gesi, msiisogeze wenyewe, maana bomba la gesi laweza kulegea. Hiyo ni kazi ya fundi. Bomba la plastiki liondolewe, na liwekwe la chuma lenye kuta laini. Lisiwe refu kupita kiasi: kanuni za ujenzi zinazofuatwa mahali pengi huweka ukomo wa futi 35, na kila kona ya mraba hupunguza kipimo hicho. Lisifungwe kwa skrubu zinazochomoza ndani, kwa maana hizo hunasa nyuzinyuzi. Wala wavu usiwekwe kwenye tundu la nje, kwa sababu hiyohiyo.

Nne, ikiwa mashine husimama mapema na kuacha nguo zikiwa na unyevu, tazameni ndani ya pipa. Mashine nyingi zina vipande viwili vya chuma vinavyopima unyevu. Vile vitambaa vya kulainishia nguo huacha utando juu yake, na mashine ikadanganyika kwamba nguo zimekauka. Vifuteni kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mkiacha spiriti ikauke kabla ya kuwasha mashine. Utando huohuo huweza kuziba chujio hata kama lapendeza machoni. Limwagieni maji: yakituama juu yake, lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha likauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Tano, mlio wa kugonga au kukwaruza hutokana mara nyingi na magurudumu madogo yanayobeba pipa, ama kapi linalokaza mkanda. Mota ikinguruma huku pipa limesimama, huenda mkanda umekatika. Haya aweza kuyatengeneza fundi yeyote mwenye uzoefu.

Pamoja na hayo, kuna desturi za kila siku. Chujio lisafishwe kila baada ya mzigo mmoja wa nguo, si kila Jumamosi. Bomba lisafishwe walau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi katika nyumba yenye watoto wengi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kupikia au petroli visiingizwe humo, maana huweza kushika moto hata baada ya kufuliwa. Msiiache ikifanya kazi mkiwa mmelala au mmetoka. Kwa wenye mashine ya gesi, bomba lililoziba laweza kurudisha ndani kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inayoua. Kifaa cha kuitambua kiwepo nyumbani.

Kwa wale mnaopanga, najua hofu iliyopo: mtu hataki kumsumbua mwenye nyumba, asije akaonekana mkorofi. Lakini kukaa kimya hakumlindi mtu yeyote. Pigeni picha, andikeni barua fupi yenye tarehe, mtunze nakala. Aliyeandika kwa adabu hakumkosea mtu.

Taulo inayochelewa kukauka yatuambia jambo mapema, kabla fyuzi haijakatika na kabla moshi haujaonekana. Tusingoje ibweke mara mbili. Leo jioni, mkiiwasha mashine, tokeni nje kwa dakika moja, mkaweke mkono penye ule upepo.