Sauti Iliyotolewa Huenda Wapi?

Kwaya nyingi za makanisa yetu siku hizi huimba kwa biti. Mpiga kinanda amehamishwa kikazi, gitaa limekatika nyuzi, au usharika haujapata fedha za kununua vyombo. Basi fundi mitambo huchomeka flashi, ala zinalia kwenye spika, nasi tunaimba juu yake. Hatuandiki ili kuwahukumu wanaofanya hivyo, maana sisi wenyewe ni kwaya ya namna hiyo. Tunaandika kwa sababu kazi ya kutengeneza biti moja ilitufundisha jambo kuhusu imani, nasi tungependa wapendwa wenzetu walipime.

Usharika wetu ulikuwa unajiandaa kwa jubilei ya miaka 50. Wazee wa kanisa wakatuomba tuimbe wimbo uliotungwa na mwalimu wa kwaya wa zamani, ambaye Bwana alikwisha kumtwaa. Wimbo huo haukuwahi kuandikwa noti. Sisi tuliupokea kwa kuwasikiliza waliotutangulia, nao walipokea vivyo hivyo. Ushahidi pekee uliobaki ulikuwa kaseti moja. Ndani yake magitaa na kinanda vinasikika vizuri, na waliovipiga hakuna hata mmoja aliyebaki mtaani kwetu. Tukamwomba kijana wetu anayejua kompyuta aondoe sauti za waimbaji, atubakizie ala.

Akaanza na njia ya zamani. Nyimbo nyingi hurekodiwa kwa mikondo miwili, mmoja wa spika ya kushoto na mwingine wa kulia. Sauti ya mwimbaji kiongozi kwa kawaida huwekwa katikati, yaani sawasawa pande zote mbili. Ukiugeuza mkondo mmoja juu chini kisha ukauchanganya na mwenzake, kila kilicho sawa pande zote kinafutana, na kilicho tofauti kinabaki. Mwimbaji anatoweka. Lakini gitaa la besi na ngoma kubwa navyo huwekwa katikati, hivyo huondoka pamoja naye, na mara nyingi mwangwi wa sauti yake hubaki ukielea kama mtu aliyetoka chumbani na kuacha harufu ya nguo zake.

Kwa kaseti yetu hata hayo hatukuyapata. Ilirekodiwa kwa mkondo mmoja, kitu kilekile kushoto na kulia. Kijana alipougeuza upande mmoja, wimbo wote ulifutika. Ukabaki mvumo wa utepe tu.

Akajaribu njia mpya, ile ya akili mnemba. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure programu iitwayo Spleeter, na baada yake zimekuja nyingine nyingi. Programu hizi hazitafuti kilicho katikati. Zimefundishwa kwa nyimbo nyingi ambazo sauti na ala zake zilikuwa zimehifadhiwa mbalimbali, mpaka zikajifunza sauti ya binadamu ina umbo gani na ngoma ina umbo gani. Ukizipa wimbo uliochanganywa, zinakisia kipi ni cha nani, kisha zinakurudishia mafaili mawili: moja la ala, jingine la waimbaji. Kazi haikuwa kamilifu. Mahali soprano zilipopanda pamoja na kinanda, programu ilichukua na kinanda kidogo, na herufi za kupuliza zilibaki kwenye ala kama minong'ono. Hata hivyo biti ilipatikana.

Kabla ya kuitumia tukajadiliana. Baadhi yetu walisema wimbo ni wa kwaya hii, tumwombe nani ruhusa? Mwenzetu mmoja akakumbusha kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na haki hiyo hurithiwa na watu wake. Mzee wetu wa besi yeye akafungua Biblia, 2 Samweli 24, akatusomea habari za Daudi na uwanja wa kupuria wa Arauna. Arauna alikuwa tayari kumpa mfalme uwanja, ng'ombe na kuni bure. Daudi akakataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, akalipa shekeli hamsini za fedha. Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Tukachanga, tukanunua kitenge na sukari, tukaenda wanne kwa mjane wa mwalimu.

Alitupokea vizuri. Tulipomaliza kueleza, tukamwekea biti. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kuimba imbeni, wanangu. Mwalimu wenu aliuacha kwa ajili yenu. Lakini hizo sauti mlizozitoa, mmezipeleka wapi?"

Swali hilo hatukuwa tumejiandaa nalo. Akilini mwetu sauti zile zilikuwa kitu cha kuondolewa ili tupate nafasi. Kijana wetu akafungua kompyuta, akatafuta faili la pili, lile la waimbaji peke yao, akalicheza.

Wapendwa, tulizoea kusikia wimbo ule ukiwa umevikwa magitaa. Sasa tulisikia watu. Tulisikia wakivuta pumzi kabla ya mstari. Tulisikia mmoja akikohoa mbali na maikrofoni, na tena mmoja akichelewa kuingia kisha akawafikia wenzake. Mama akaanza kuwataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila jina akisema, "Amelala." Kisha akainua kidole. "Mnasikia hiyo alto inayokata katikati ya mstari? Ndiyo mimi. Nilikuwa na ujauzito wa mtoto wangu wa tatu, pumzi zilikuwa fupi."

Tukatazamana. Mkato huo kwaya yetu imeuimba miaka yote, alto kwa alto, kama sehemu ya utunzi. Hakuna aliyejua ulitoka wapi. Kumbe ilikuwa pumzi ya mama mjamzito aliyesimama siku ile kumsifu Mungu kwa kifua alichokuwa nacho, na waliomfuata wakaipokea pamoja na wimbo.

Tangu siku ile tumekuwa tukilitafakari jambo hili. Mtume Paulo anawafundisha Warumi kwamba imani chanzo chake ni kusikia. Hatukuipata imani kwenye karatasi peke yake. Tuliipokea kwa sauti za watu: bibi aliyeomba kwa nguvu alfajiri, mwalimu wa Shule ya Jumapili, mwinjilisti aliyekuja kwa baiskeli wakati wa masika. Na tuliipokea pamoja na pumzi zao fupi. Mungu hakungoja wawe na kifua kizima ndipo wamwimbie.

Biti haiwezi kubeba hayo. Tunaishukuru, maana inatushikia mapigo na ufunguo tusipokuwa na mpigaji. Lakini pale kwenye mkato wa alto, ala zinaendelea tu kana kwamba hapana kitu. Anayejua kwamba hapo hukatwa ni yule aliyefundishwa na mtu. Nafasi iliyoachwa wazi haijazwi na mitambo, wala haijazwi na mwimbaji anayechezesha midomo huku spika zikimfunika. Nabii Amosi alikwisha kuonya kwamba Mungu anaweza kuchoka na kelele za nyimbo, hata zenye vinanda vizuri. Na Paulo na Sila kule gerezani Filipi, usiku wa manane, hawakuwa na chombo chochote, lakini wafungwa wengine waliwasikiliza.

Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu. Biti hatuitengenezi kutoka wimbo wa mtu bila kumwomba mwenyewe, au warithi wake kama ameshalala. Kila wimbo tunajifunza kwanza bila ala, sauti nne, mpaka usimame wenyewe. Faili la waimbaji tunalitunza pamoja na faili la ala, na wanakwaya wapya huanza kwa kulisikiliza hilo. Nakala moja tulimpelekea Mama kwenye simu ya mjukuu wake. Mjukuu anasema huicheza jioni, akiimba nayo taratibu.

Siku ya jubilei biti ilianza vizuri, na umeme ukakatika ubeti wa pili. Fundi mitambo alituangalia kwa hofu. Hatukusimama. Besi zilishika chini, tena wakaingia, soprano wakapanda, na alto walipofika katikati ya mstari wakakata, wote kwa pamoja, mahali palepale. Mama alikuwa amekaa benchi la mbele. Yeye safari hii hakukata. Alikuwa na pumzi ya kutosha, akauvuka mstari mzima.