UFUNGUO WA MJOMBA

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Mimi nilipokuwa katika kidato cha pili niliikana damu yangu mchana peupe, mbele ya wenzangu, pale steji ya magari katika mji wetu wa Isiolo. Mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotuomba makala za jarida la mwaka huu, niliandika kwanza insha kuhusu umuhimu wa kupanda miti. Nikaichana. Niliona heri niandike jambo hili ambalo limenikaa moyoni, hata kama wenzangu mtanicheka.

Ilikuwa siku ya Jumamosi. Tulikuwa tunarudi kutoka tamasha za michezo ya kuigiza, sare zetu safi, viatu vinang'aa, na sote tukiwa na furaha ya ushindi. Tulisimama kununua maji. Mtu mmoja aliinuka kutoka baraza ya duka lililofungwa. Alikuwa amejitanda shuka kuukuu, miguu imejaa vumbi, naye anakohoa. Akaniita kwa jina langu la nyumbani, lile ambalo watu wa kwetu pekee ndio wanaolijua.

"Wewe! Si wewe mtoto wa dada yangu? Mama hajambo?"

Rafiki yangu akanigeukia. "Kwani unamjua huyo?"

"Simjui," nikasema. "Ni mwendawazimu tu."

Wote wakaangua kicheko. Mjomba alinitazama kidogo, kisha akaketi tena pale barazani na kujifunika shuka lake. Hakubisha. Laiti angebisha!

Ndugu msomaji, mjomba hakuzaliwa barazani. Babu yetu alikuwa mfugaji wa upande wa Garba Tulla. Wakati wa vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya watu wa huko katika kambi, na wanyama walikufa kwa maelfu. Wazee wetu huuita wakati huo Daaba. Babu aliyekuwa na ngamia aliingia mjini akiwa na fimbo tu mkononi. Mama na mjomba walizaliwa mjini, watoto wa mfugaji asiye na mifugo.

Mjomba alipata kazi ya utingo, au tanboi kama tunavyosema mtaani, katika lori la kwenda Moyale. Siku hizo lami iliishia hapa Isiolo. Mbele yake palikuwa na karibu kilomita 500 za mawe na vumbi. Mtu hawezi kukesha juu ya mzigo usiku kucha bila kitu cha kumtia macho, na miraa ya milima ya Nyambene iko karibu. Basi mjomba alitafuna miraa ili akeshe, kisha akanywa chang'aa ili alale. Kidogo kidogo ikawa hawezi kukesha bila hiki wala kulala bila kile. Nikiwa mdogo nakumbuka akiniletea peremende mfukoni, zimeshikana kwa joto, nami nazila pamoja na karatasi.

Kisha lami ikafika hadi Moyale katika miaka ya 2010. Mwenye lori akaliuza, na tajiri mpya alikuja na watu wake. Mjomba akabaki bila kazi. Mkewe alirudi kwao. Kodi ya nyumba ilipofika miezi mitatu, mwenye nyumba aliweka kufuli lake juu ya kufuli la mjomba. Siku hiyo ndiyo aliyolala nje kwa mara ya kwanza.

Habari ya steji ilimfikia mama kabla ya jua kutua. Isiolo ni mji mdogo, nanyi mnajua. Nilingoja kiboko. Mama hakunipiga. Alikuwa anasuuza mitungi yake ya maziwa, maana yeye huuza maziwa ya ngamia. Akasema bila kuniangalia:

"Wewe umemkana mara moja. Mimi je? Huu ni mwaka wa pili napitia njia ya nyuma nikienda sokoni, nisije nikaonana na ndugu yangu tumbo moja."

Nilipigwa na butwaa. Nilidhani aibu ile ilikuwa yangu peke yangu.

Kesho yake mama alilipeleka jambo hilo katika kikundi chao. Ni akina mama tisa wauzao maziwa katika safu moja, ambao huchangiana kila wiki. Nilikuwa nimewabebea mitungi, basi niliyasikia yote. Mmoja alisema apewe pesa aende zake. Mwingine akajibu kwamba pesa mkononi ataiteremsha kooni. Wa tatu akasema kwanza aache pombe, ndipo asaidiwe. Mzee wao, ambaye sote humwita Nyanya, alisikiliza mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Mgonjwa haulizwi uji. Lakini huo uji ataunywea wapi? Mtafutieni mlango kwanza."

Wakapiga hesabu. Akina mama tisa, kila mmoja akitoa shilingi 50 zaidi kwa wiki, ni shilingi 450. Kwa wiki nne ni 1,800. Chumba cha udongo mtaani Bula Pesa kilikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Zinazobaki 300 ni za unga na sabuni. Haba na haba hujaza kibaba.

Mama alimpeleka mjomba hospitalini kwa sababu ya kile kikohozi. Akapatikana na kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali, lakini ni za kumezwa kila siku kwa muda wa miezi sita, na ukiziacha katikati vijidudu huzoea dawa na ugonjwa huwa mgumu zaidi kutibu. Muuguzi aliuliza maswali mawili tu: "Anaishi wapi? Nani atamwangalia akimeza?" Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya Nyanya. Mtu wa barazani hana swali la kwanza wala la pili. Hata karatasi ya kliniki hana pa kuiweka isilowe.

Swali la kwanza lilijibiwa na akina mama wa maziwa. La pili nililijibu mimi. Mama hutoka alfajiri kupokea maziwa, kwa hiyo ikaamuliwa nipitie kwa mjomba kila asubuhi kabla ya kuja shuleni, nimwone akimeza dawa, kisha nitie alama kwenye kadi yake. Nilisema sawa, lakini moyo ulikuwa unapiga kama ngoma. Nitamwangaliaje usoni mtu niliyemwita mwendawazimu?

Asubuhi ya kwanza nilisimama nje, mlango na dirisha vikiwa wazi kama muuguzi alivyoagiza, kwa sababu katika majuma ya mwanzo ugonjwa unaweza kuambukiza. Mjomba alimeza, akanionyesha ulimi kama mtoto, kisha akauliza, "Leo mna somo gani?" Ni hayo tu. Kesho yake akauliza vivyo hivyo. Ufunguo wa chumba alikuwa ameutia uzi na kuuvaa shingoni, na kila mara aliugusa kama mtu anayehakikisha kwamba bado upo.

Msamaha niliupanga kichwani kwa majuma matatu. Nilipofungua kinywa, yeye akatangulia. "Ile siku ya steji," akasema, "hukufanya vibaya sana. Hata mimi nikijiona kwenye kioo cha gari nilikuwa nasema simjui huyu." Nililia njia nzima mpaka langoni, na mwalimu wa zamu akadhani nimefiwa.

Sasa, wenzangu, insha zetu nyingi huishia hapo: mtu akaokoka, wakaishi raha mustarehe. Hii haikuishia hapo. Mwezi wa nne nilifika asubuhi nikakuta mlango wazi, blanketi halipo, na mjomba hayupo. Siku mbili hakuonekana. Mama alimkuta nyuma ya mangweni, blanketi limeuzwa, ufunguo bado shingoni.

Kikundi kiligawanyika vipande viwili. Wengine walisema, "Si tuliwaambia?" Mwenye nyumba naye hakutaka mlevi katika ploti yake. Nyanya aliuliza, "Tulimpa chumba kama zawadi ya kuacha pombe, au tulimpa kwa sababu binadamu hulala ndani?" Akina mama wawili walijitoa siku hiyo, na siwalaumu, nao wana watoto wa kulisha. Wakabaki saba. Saba mara 50 ni 350, na kwa wiki nne ni 1,400. Pakapungua shilingi 100 za kodi, na pesa za unga zikaisha kabisa. Mama aliongeza zile 100, na unga ukatoka kwetu. Tulikula kidogo zaidi. Muuguzi alimkaripia mjomba, akamweleza kwamba pombe pamoja na dawa zile huumiza ini, kisha akampa dawa na hesabu ikaendelea. Mimi nikarudi na kalamu yangu ya kutia alama.

Jambo la tatu lilikuwa kazi. Maziwa ya ngamia ya Isiolo husafirishwa kwa basi hadi Nairobi, na wanunuzi wengi wako Eastleigh. Mitungi lazima ipangwe na kufungwa barabara, la sivyo itamwagika kabla ya kufika Nanyuki. Nani anayejua kufunga mzigo kuliko utingo wa barabara ya Moyale? Alipomaliza dawa na kuambiwa amepona, akina mama walimpa kamba. Kwa kila mtungi alipata shilingi chache. Ikiwa umemwagika, hakuna malipo. Mpaka leo nasikia haujamwagika wake hata mmoja.

Nilipomsimulia mwalimu wetu, aliniambia kwamba njia hiyo ya kumpa mtu mlango kabla ya kumdai chochote inajulikana katika nchi nyingine. Katika mji wa New York huko Marekani, mtaalamu aitwaye Sam Tsemberis aliianzisha mwaka wa 1992 kwa watu waliolala mitaani, na nchi ya Finland ikaifanya mpango wa serikali mwaka wa 2008. Lakini si lazima tuvuke bahari. Karibu na Archer's Post, mwendo mfupi tu kutoka hapa kwa barabara ya kwenda Marsabit, kuna kijiji cha Umoja. Wanawake 15 wa Kisamburu, wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, walikianzisha mwaka wa 1990 baada ya kudhulumiwa na kufukuzwa makwao. Walianza kwa kujenga manyatta, kisha wakaishi kwa kuuza shanga na kuwapokea wageni kando ya mto Ewaso Nyiro. Malindi nako kuna Omari Project iliyoanza mwaka wa 1995 kuwasaidia vijana waliozama katika heroini. Na hapa mjini petu, Pepo la Tumaini Jangwani, shirika lililoanzishwa na Bi. Khadija Rama, limewasaidia watu wanaoishi na virusi vya ukimwi pamoja na mayatima, wakati ambapo wengi waliogopa hata kuwasalimu.

Akina mama wa maziwa hawana ofisi, hawana gari lenye maandishi mlangoni. Wana daftari moja la mistari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Lakini nimeliona daftari lile. Katika ukurasa wa mjomba kuna safu tatu: chumba, dawa, kazi. Sasa kuna ukurasa wa pili, wa mama mmoja mwenye watoto wawili, ambaye mifugo yake iliisha katika ukame wa 2020 hadi 2023. Mmoja wa wale wawili waliojitoa amerudi. Na mchangaji mpya wa shilingi 50 kwa wiki ni mjomba.

Sitaki kuwadanganya. Miraa bado anaitafuna, hasa Ijumaa jioni. Mkewe hajarudi. Kuna siku mama humwangalia anavyotembea, kisha hunyamaza, nami najua anahesabu kitu. Lakini kodi anailipa mwenyewe, na ufunguo ungali shingoni.

Muhula uliopita tulipita tena pale steji, tukiwa na sare, tukitoka michezoni. Mjomba alikuwa juu ya basi la Nairobi anafunga mitungi. Aliniona. Nilimwona akigeuza uso upande wa pili makusudi, ili asiniaibishe mbele ya wenzangu. Jambo hilo lilinichoma kuliko kicheko cha siku ile. Nikaita kwa sauti yote niliyokuwa nayo:

"Mjombaaa! Hujambo?"

Watu wote waligeuka. Rafiki yangu, yule yule, akaniuliza, "Kwani unamjua huyo?"

"Ni mjomba wangu," nikasema. "Ndugu ya mama, tumbo moja."

Mjomba hakujibu mara moja. Alimaliza kwanza fundo alilokuwa analifunga, akalivuta mara mbili kuhakikisha limekaza. Kisha akasema kutoka kule juu:

"Sijambo, mwanangu. Leo mlikuwa na somo gani?"